Gari la Kumrudisha Agripina

Agripina alifariki Jumanne asubuhi katika hospitali ya mjini Singida, na siku hiyo hiyo, kabla jua halijatua, pikapu yao nayo ikafia njiani. Watu wa Mtinko, kijijini kwao, hawakosi neno hata penye msiba. Walisema gari limemfuata mwenyewe.

Mumewe, Antipasi, alikuwa anarudi nyumbani peke yake kutengeneza mahali pa kupokea waombolezaji. Bado kidogo afike, mvuke ukafumuka kwenye boneti na mshale wa joto ukalala kwenye nyekundu. Alizima injini, akashuka, akaona maji yanamwagika chini ya pampu ya maji kama damu ya mbuzi anayechinjwa. Jirani mmoja akaja na maksai wake wa kulimia, wakafunga mnyororo, na pikapu ikaingia uani ikivutwa na ng'ombe, mwenyewe ameshika usukani na kutazama mbele. Siku nyingine watu wangecheka hadi mbavu ziume. Siku ile walivua kofia.

Jumatano asubuhi uani kulikuwa kumejaa. Wanawake walikuwa ndani na Martha, dada wa marehemu aliyetoka Nduguti, na wanaume walikaa nje kwenye mabenchi kuzunguka moto. Mwili ulitakiwa ufike nyumbani siku hiyo kabla ya jioni, ulale kwake usiku mmoja, kesho yake uzikwe. Rebeka, binti yao anayefundisha huko Shelui, alimwendea baba yake akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, nimepata gari la kukodi. Noah nzuri, dereva yuko tayari. Tumlete mama mapema."

Antipasi alitikisa kichwa. "Mama yako alikataa gari la kukodi."

Kila mtu pale alijua sababu. Miaka mingi nyuma, mama yake Agripina aliletwa Nduguti kwa gari la kukodi, na dereva alikuwa na safari nyingine mbele. Jeneza halijashushwa vizuri, watoto wa marehemu wamelikumbatia wanalia, yule mtu akapiga honi. Akapiga tena. Agripina hakuisahau honi ile. Hata walipouza alizeti na vitunguu vya misimu mingi wakanunua pikapu, neno lake la kwanza baada ya kuizunguka na kuigusa lilikuwa kwamba sasa hakuna atakayempigia honi. Na juzi, pale kitandani hospitalini, alimshika mumewe mkono akamwambia, "Unirudishe wewe. Kwa gari letu. Polepole." Antipasi akasema ndiyo. Tangu jana hakuwa amewaza kingine ila ndiyo hiyo.

Alikuwa amepiga simu dukani mjini, pampu mpya ikaja na bodaboda asubuhi ile, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na gasketi yake. Antipasi si fundi wa gereji, lakini aliendesha malori miaka mingi, na dereva wa lori asiyejua kufungua pampu porini atalala na fisi. Alivua koti, akachukua spana zake, akainua boneti.

Hapo ndipo Urbano, kaka yake mkubwa, alipoinuka na fimbo yake.

"Antipasi. Unafanya nini?"

"Nafungua pampu, kaka."

"Wewe ndiye mfiwa. Mfiwa anakaa. Kuni wanapasua wengine, kaburi wanachimba wengine, wewe kazi yako ni kukaa tukutazame machoni tukupe pole. Tangu lini mfiwa akashika spana? Watu watasema hujaguswa."

Na kweli walikuwa wameanza kusema. Wazee wawili pale kwenye moto walikuwa wanatazama chini, na mtu akitazama chini msibani ujue mdomo wake umeshakuhukumu. Tena tangu jana Antipasi hakuwa ametoa chozi. Aliyekuja kumlilia alimkuta mkavu, anauliza kama bodaboda imefika.

"Nilimwahidi, kaka," Antipasi alisema. "Nikikaa, atakuja na gari la watu."

Urbano aliitazama ile pampu mpya kwenye mfuko wake. Ni mzee mkaidi, na sijui mtu aliyewahi kumwona akibadili neno mbele ya watu. Lakini alimpenda shemeji yake. Alikuwa akila ugali wa mtama kwake kila Jumapili akisingizia amepita tu. Akageuka, akawafokea wanaume kwenye moto kana kwamba kosa ni lao.

"Mbona mmekaa huko? Mfiwa yuko hapa. Leteni mabenchi."

Basi mabenchi yakabebwa. Yakazungushwa mbele ya pikapu, na moto nao ukahamishwa, kijinga cha moto kimoja baada ya kingine. Antipasi akawa yuko katikati ya msiba wake, boneti juu ya kichwa chake kama kibanda. Aliyefika alipeana naye mkono wenye grisi, akampa pole, akakaa.

Alifungua koki ya rejeta, maji yaliyobaki yakatoka na rangi ya kutu. Akatoa feni, akalegeza mkanda, akaanza bolti za pampu. Bolti hizo hazilingani, fupi na ndefu, na ukizichanganya ile ndefu hupasua injini. Rebeka alichukua boksi la sabuni, akachora juu yake mviringo wa pampu, akatoboa matundu, na kila bolti iliyotoka akaichomeka mahali pake. Hakusema tena habari za Noah.

Bolti ya mwisho, ile ya chini, ikagoma. Antipasi aliibana, akakaza mkono, spana ikateleza na vidole vyake vikachubuka kwenye chuma. Akajaribu tena. Alijua akilazimisha itakatika kichwa, na ikikatika kichwa pikapu haitatoka leo wala kesho, na Agripina atakuja na honi nyuma yake.

"Iache kwanza," Urbano alisema. "Imwagie dizeli, uisubiri inywe."

Akaimwagia. Kisha hapakuwa na la kufanya ila kusubiri, na Urbano akapigapiga benchi pembeni yake. Antipasi akakaa. Mara ya kwanza tangu jana alikaa, mikono mitupu, hana cha kufungua wala mtu wa kumpigia simu. Machozi yakamjia bila kumwomba ruhusa. Alilia kama wanavyolia wanaume waliozoea kujizuia, kwa sauti mbaya, mabega yanaruka. Wale wazee wawili wakainua vichwa vyao, na mmoja akaanza wimbo wa kanisani polepole, wanawake ndani wakaupokea.

Alipoinuka, alipanguza uso kwa mkono wa shati, akaishika spana, na bolti ikalia kidogo kisha ikazunguka.

Pampu ikatoka. Antipasi aliigeuza mkononi aitazame. Yale mapanga ya ndani yanayosukuma maji hayakuwepo. Yalikuwa yameliwa, yamebaki visiki vyembamba vyenye ukoko mweupe. Aliukwangua ukoko kwa ukucha, akauweka ulimini. Chumvi.

Hapo akaelewa, na afadhali asingeelewa. Pampu ile ilivuja zaidi ya mwaka mzima, na yeye aliahirisha kila msimu. Aliyeitunza ni Agripina. Kila asubuhi alikwenda kisimani, kisima chao cha maji ya chumvi yanayokataa hata povu la sabuni, akajaza dumu, akamimina kwenye rejeta kabla mumewe hajaamka. Dumu jingine aliliweka nyuma ya kiti, na kwenye mteremko wa kuingia Mtinko alishuka yeye mwenyewe kuongeza. Maji ya mvua waliyokinga batini, yale matamu, aliyafungia kwenye pipa jikoni kwa ajili ya maharage na chai. Siku moja alimwuliza mumewe kama gari nalo lisipewe ya mvua. Antipasi alicheka. Alisema gari si bibi harusi, halichagui maji. Mwanamke akaamini, maana aliyesema ni dereva. Hivyo kila siku alibeba kichwani kitu kinachoila pampu, na yale matamu akampikia yeye chai.

"Amelilisha sumu kwa upendo," Antipasi alisema. "Na sumu nilimpa mimi."

Urbano aliichukua ile pampu iliyoliwa, akaiweka juu ya benchi.

Antipasi alikwangua gasketi ya zamani, akapaka gundi, akaweka pampu mpya, na Rebeka akamkabidhi bolti moja moja kutoka kwenye boksi lake. Mkanda ukarudi, feni ikarudi, koki ya rejeta ikafungwa. Rebeka akachukua dumu, akaelekea kisimani kwa mazoea ya nyumba ile.

"Si ya kisimani," baba yake alisema. "Mama yako ana maji ya mvua jikoni."

Kulikuwa na tatizo. Kiangazi kilikuwa kimefika mwisho wake na pipa lilibaki na maji kidogo tu, ambayo wanawake walikuwa wameyatenga kwa chai ya msiba. Martha alitoka jikoni na kanga kiunoni, akatazama pikapu, akamtazama shemeji yake, akatazama ile pampu iliyoliwa juu ya benchi.

"Shemeji, gari la kumwendea dada ni hili?"

"Ni hili."

Martha akarudi ndani. Alitoka amebeba ndoo, nyuma yake mwanamke mwingine na ndoo, na hawakubakiza chini ya pipa hata kikombe.

"Wageni watakunywa chai ya chumvi," mtu mmoja alinong'ona.

"Chai ya chumvi haijaua mtu," Urbano alisema. "Mimina."

Alimimina Martha mwenyewe, taratibu, bila kumwaga. Antipasi aliwasha injini, akaiacha ingurume, akainama chini na kutazama hadi mgongo ukamuuma. Hakikudondoka kitu. Mchana ule ule yeye na Urbano wakaenda mjini, Rebeka na wengine wakifuata kwa basi dogo walilolikodi kwa kuchangishana.

Walirudi jua limeegemea upande. Jeneza lilikuwa nyuma, limefunikwa kitenge alichokipenda, Martha na Rebeka wameketi pembeni wamelishika. Antipasi aliendesha kwa gia ndogo. Mshale wa joto ulikuwa katikati, umetulia.

Walipofika kwenye mteremko wa kuingia Mtinko, akasimama. Basi dogo nyuma likasimama pia, na dereva wake, kijana asiyejua habari, akapiga honi. Urbano alifungua mlango, akashuka na fimbo yake, akaenda akasimama mbele ya lile basi. Honi haikurudiwa.

Antipasi alifungua boneti. Akapitisha kiganja chini ya pampu mpya, akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Dumu lilikuwa nyuma ya kiti, mahali pake, na hakuligusa. Akafunga boneti, akazunguka nyuma, akaweka mkono juu ya kitenge.

"Mama Rebeka," alisema, "haivuji tena. Kaa tu. Leo hushuki."