Anwani ya Marehemu

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi simu yangu ililia, na kwenye kioo likatokea jina la mwenzangu wa kazi tuliyemzika Ndhiwa miezi miwili kabla.

Aliyekuwa akipiga ni mjane wake. "Shemeji, simu yake inaingia ujumbe. Chumba cha barafu cha Muhuru Bay kina joto. Imelia tangu saa tisa, nikaogopa kuishika. Ni yeye?"

"Ni kompyuta tu, shemeji."

Nilikata, nikampigia mlinzi wa chumba kile. Feni ilikuwa imesimama, na ndani kulikuwa na samaki wa akina mama wa soko zima. Alipokwenda kuiwasha ndipo nilipokumbuka: kompyuta iliyokuwa ikituma ujumbe kwa simu ya marehemu niliizima mwenyewe.

Mimi na marehemu tulijifunza kazi hii kwa kusoma na kuharibu. Katika ofisi ya wauza samaki, Homa Bay, tulikuwa na seva moja, na ndani yake kompyuta pepe kadhaa, yaani kompyuta za programu tu zinazotumia mashine hiyo moja. Yeye alitaka kila kazi iwe na mtandao wake uliotengwa. Mimi nilitaka zote ziingie kwenye mtandao wa ofisi, kila moja ionekane kwa anwani yake. Alipokufa, nilichagua njia yangu. Nilinakili kompyuta pepe yake iliyopokea vipimo vya joto vya Muhuru Bay na kutuma onyo kwa simu, nikaipa nakala anwani ileile, nikaweka namba yangu ya simu badala ya yake. Ya zamani nikaizima.

Asubuhi hiyo nilipoiita anwani ile, zilijibu kompyuta mbili, kwa kupokezana.

"Niliiwasha mimi," alisema karani wa ofisi bila kuinua macho. "Kitufe alinionyesha marehemu mwenyewe. Matanga hayajaisha, unazima kitu cha mtu kama unayefunga nyumba yake? Wewe ni Mjaluo wa wapi?"

"Mama, hii si nyumba."

"Alikaa humo kuliko nyumbani."

Nilifungua kumbukumbu za seva. Usiku uliotangulia vipimo vyote vilikwenda kwa marehemu, na kwangu hakikuja hata kimoja.

Sikuizima tena. Niliihamishia kwenye mtandao uliotengwa, kama alivyotaka yeye, ikabaki na anwani yake mahali ambapo Muhuru Bay haiwezi kuifikia. Bado inawaka. Nikimaliza kazi naifungua kidogo: inasubiri kipimo, haipati, inasubiri tena.

Nilimpigia mjane kumweleza.

"Kwa hiyo haitalia tena?"

"Haitalia, shemeji."

Akauliza kama samaki wamepona. Wengi walipona. Mbuta waliotupwa jioni ile walikuwa wa shilingi elfu themanini na sita.