Nguruwe wa Bwana Sharubu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu neno nguruwe halikutajwa. Bibi yangu mzaa baba alisema "wale," akageuza uso, nasi tukaelewa. Taabu yetu ni kwamba mchungaji wa wale alikuwa baba yangu mwenyewe. Msicheke, hakuiomba kazi ile. Mdachi mmoja alikuwa na shamba la pamba nje kidogo ya Kibiti, watu wakimwita Bwana Sharubu, na akida ndiye aliyegawa watu wa kwenda kumtumikia. Wenzake walipewa majembe. Baba akapewa banda la nguruwe kwa sababu alikuwa mpole, na mpole ndiye hutwishwa mzigo uliokataliwa na kila mtu.

Kila jioni Bibi alimngoja mwisho wa uwanja na mtungi wa maji na kifuu cha udongo. Dini yetu inasema aliyeguswa na mnyama yule kwa umajimaji ajioshe mara saba, moja kwa udongo, na Bibi hakuwa mtu wa kusamehe hata moja. Baba, mwanamume mwenye ndevu zake, alisimama kajifunga shuka, akisuguliwa mgongo na mama yake mbele ya watu.

"Bado nyuma ya masikio," Bibi alisema.

"Mama, nguruwe hawanilambi masikio."

"Usiwataje hapa kwangu!"

Mama yangu aliyasikia hayo jikoni, akacheka mpaka akaushika ukuta. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na ningesema tuliishi vizuri, kabla ya habari za Ngarambe.

Habari zenyewe zilikuja kwa minong'ono. Huko Ngarambe ametokea mganga aliyepandwa na pepo wa mtoni, ana maji, na aliyepewa maji hayo bunduki ya Mdachi haimwezi. Risasi ikitoka inageuka maji. Wanaume walianza kuondoka vikundi vikundi, wakisema wanakwenda kuhani msiba. Baba alikwenda na Mbwana, jirani yetu wa mlango kwa mlango, ambaye binti yake Zena alikuwa shoga yangu wa kucheza. Bibi alimsugua Baba siku ile karibu amtoe ngozi, ili dawa isimkatae.

Waliporudi, kila mmoja alikuwa na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa majani. Baba alikitundika juu ya kitanda chake, na Bibi akatukalisha chini kutupa masharti. Mwenye dawa asilale na mkewe. Asichukue mali ya mtu. Na dawa yenyewe isiguswe na najisi.

"Ikiguswa na wale, imekufa," alisema, kidole kikituelekea mmoja mmoja. "Na aliyekwenda vitani na dawa iliyokufa harudi. Tena mganga hampi mtu mara mbili."

Mimi niliamini yote, haki ya Mungu. Ningeachaje, nami nilimwona baba yangu akibadilika? Alikwenda Ngarambe ameinamisha kichwa, akarudi anatembea kifua mbele. Alinibeba begani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Bwana Sharubu aje. "Tausi," aliniambia, "risasi zao zitakuwa manyunyu tu. Tutajipangusa uso, tuwafuate." Mama alikuwa akikoroga chungu. Siku ile hakucheka.

Basi nguruwe wakaugua. Banda lao lilikuwa bondeni, mahali ambapo tope halikauki hata kiangazi, na jike mmoja alikuwa amezaa. Vitoto vilianza kuharisha, uharo wa majimaji mweupe kama tui lililochacha, vikikonda leo na kufa kesho. Kisha mama yao naye akaharisha, akalala ubavu, asile. Baba alikata nyasi kavu akawatandikia, akachota maji kisima cha mbali, akafanya kila alichokijua, na bado wakafa. Msimamizi wa shamba akasema Baba amewaroga. Akamchapa viboko, akamwambia jike yule akifa naye, atafungwa mnyororo na kuvutwa kwa miguu mpaka boma la Mohoro.

Jioni ile Bibi alimwosha mwanawe kwa kiganja, polepole, huku analia. Mgongo ulikuwa umevimba. Baba ndiye aliyekuwa akimbembeleza yeye.

"Waache wafe, mama. Siku zenyewe zimekwisha. Neno likija tu, tunaondoka, na mimi nitakuwa mbele."

Niligeuka nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika mwiko, hakorogi.

Asubuhi yake aliniambia tumpelekee Baba chakula. Alinibebesha kata ya maji, yeye akachukua kikapu. Tulipofika bandani Baba hakuwapo, alikuwa amekwenda kukata nyasi. Mama aliondoa bakuli la ugali, na chini yake kilikuwapo kibuyu. Nilipiga ukelele.

"Mama! Hiyo si dawa ya Baba?"

"Naijua," alisema.

Alizibua majani, akamimina maji yote katika hori la nguruwe, akakikung'uta kibuyu hadi tone la mwisho. Mkono wake ule, mpaka leo nikifumba macho nauona. Yule jike alinyanyua pua, akajikokota, akanywa. Nilitazama mbingu nikingoja zitufunike, lakini jua liliwaka vilevile.

Baba akatokea na mzigo wa nyasi. Alikiona kibuyu mkononi mwa Mama, mzigo ukamponyoka.

"Mama Tausi. Umefanya nini?"

"Nimewatibu. Wakifa hawa utavutwa kwa mnyororo. Ulitaka nikae nikutazame?"

Baba alikaa chini palepale kwenye tope, akajifunika uso. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa viboko hakulia.

Jike alipona, na vitoto vichache vikapona naye. Shambani wakanong'ona kwamba maji ya Ngarambe yameponya mpaka haramu. Nina mjukuu ambaye ni bwana mifugo, nikimsimulia hapo hucheka. Ananiambia, "Bibi, wale walikuwa na vijidudu tumbo zima, wamevitoa kwenye tope na kinyesi chao wenyewe. Waliobaki waliponywa na nyasi kavu za babu na maji ya kisimani." Sawa, namwamini, kazi yake ndiyo hiyo. Lakini mimi nguruwe si shida yangu.

Bibi alipojua, alijipiga kifuani mpaka majirani wakaja. "Umemuua mwanangu! Umemvua nguo mbele ya bunduki!" Hakula tena chakula cha mkono wa Mama. Alijipikia kivyake nyuma ya nyumba, akipita karibu naye asimpe salamu. Baba alikula, lakini hakusema naye. Mama alitwanga, akapika, akafagia. Si kwamba hakuumia. Mara nyingi nilimkuta kainamia kinu, mchi umesimama.

Neno likaja. Mbwana alisimama mlangoni kwetu na mkuki wake, kibuyu kiunoni, na kitambaa cheupe kichwani. "Twende, ndugu yangu."

"Dawa yangu imekufa," Baba alisema.

Nilidhani Mbwana atamcheka. Wengine walimcheka, walimwita mke wa nguruwe, na mengine nisiyoweza kuyasema mbele ya wajukuu. Mbwana alimtazama kwa huruma, akamshika bega. "Basi niangalizie watoto," akasema, akaondoka. Mimi na Zena tuliwasindikiza kwa vigelegele hadi kichakani. Nilikuwa namwonea kijicho. Baba yake alikuwa shujaa, na wangu alikuwa amekwenda kufagia banda.

Waliorudi walikuwa wachache, na waliorudi hawakutaka kusema. Mmoja ndiye aliyekuja kwetu. Alisema Mdachi alikuwa na bombom, bunduki ile inayotema bila kupumzika, na Mbwana aliiendea wima, mikono kaitandaza, anaita, "Maji! Maji!" Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia akilia kwa sauti.

Jioni Bibi alichukua bakuli lake, akaenda jikoni, akalisogeza mbele ya Mama. "Nipakulie, mwanangu," akasema. Mama akampakulia, akakaa naye wakala.

Baba naye hakumlaumu Mama tena, wala hakumshukuru. Miaka ya njaa iliyofuata alilima shamba lake na shamba la Mbwana. Aliposikia watu wakimsifu kwa hilo, aliondoka barazani.

Baba alikufa mzee, kitandani kwake. Arobaini ilipokwisha, tukiwa tunapeta mchele mimi na Mama, nilimuuliza lile nililolinyamazia tangu utoto. Nilimuuliza kama yale maji alikuwa hayaamini.

"Kuamini kwangu kuna nini?" alisema, hakuinua macho kwenye ungo. "Yeye aliamini. Na mtu anayeamini kwamba risasi ni maji, hainami."

Vijana siku hizi huniuliza kama maji ya Ngarambe yalikuwa kweli au uongo, wengine wakiwa tayari wameshatabasamu. Nawakatalia tabasamu hilo. Niliwaona wanaume wale wakiondoka, najua walichokuwa wamechoka nacho, na sijaona ushujaa kama wao tena. Ila najua pia jambo moja, na hilo sina haja ya kumuuliza mtu. Zena aliozwa na ami yake. Mimi nilipoolewa, baba yangu ndiye aliyeniozesha.