Viatu vya Kibet Vilivyoninasa Langoni

Kibet, rafiki yangu, alipofariki, mamake aliniomba nitangulie mbele ya gari la maiti kwa baiskeli ya marehemu ya mashindano, kutoka mji wa Litein hadi nyumbani kwao. Akanipa pia viatu vya mwanawe vya kuendeshea, vile vyenye kichuma chini kinachonasa kwenye pedali.

"Umejaribu kutoa mguu?" fundi wa baiskeli aliniuliza nilipokuwa nikijiandaa.

"Hiyo si shida," nikamjibu. Mimi hubeba magunia ya majani chai kwa bodaboda, na kwangu usalama ni kukaza. Nikakaza skrubu za pedali, zile zinazobana kiatu, mpaka mwisho.

Njiani wachuma chai walisimama, wakavua kofia. Ujinga wangu ukaniambia wananiheshimu mimi.

Langoni nikafunga breki, nikavuta mguu. Wapi! Nikaanguka kama gunia mbele ya waombolezaji wote. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama Kibet akapiga magoti kwenye tope, akashika kisigino changu. "Usivute, zungusha nje. Kibet nilikuwa namwambia hivyo kila jioni, hapa hapa." Pedali ikakataa. Akanifungua kamba za viatu, polepole, kama mtoto.

Nikaenda kumzika rafiki yangu nikiwa na soksi tu, viatu vyake vikabaki langoni, vimenasa kwenye baiskeli.