Stima Isirudi

Siku ya dhoruba nilikuwa Riruta Satellite, nafua nguo za familia moja iliyokuwa ikiniita kila juma. Upepo ulinyakua shuka kwenye kamba ukalirusha juu ya ukuta hadi kwa jirani, na kabla sijamwambia mwenye nyumba, mvua ilishuka kwa nguvu hata sikusikia sauti yangu mwenyewe. Ilipopungua nikafunga leso kichwani nikaanza kurudi nyumbani Kawangware. Barabara ilikuwa mto. Kwenye kona ya kuingilia ploti yetu ya vyumba vya kupanga, nguzo ya stima ilikuwa imeanguka juu ya kibanda cha mama anayeuza ndizi, nyaya zimelala matopeni, na watu wamesimama mbali wakizitazama. Transfoma ilikuwa imelipuka. Mama wa ndizi alikuwa ametoka kujikinga kwa duka la jirani, ndiyo maana alikuwa hai.

Watoto wangu, wasichana mapacha wa darasa la tatu, niliwakuta kwa Mama Kuku. Jina hilo tulimpa sisi majirani. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kitui, anakaa peke yake kwenye chumba kinachotazamana na chetu, na chumbani mwake alikuwa na mashine ya kutotolesha mayai, sanduku la mbao lenye balbu na kifeni ndani. Alinunua mayai ya kienyeji kutoka kwao, akayatotolesha, akauza vifaranga. Jioni hiyo alikuwa amewavalisha wanangu sweta zake, wamekaa kitandani kama vikongwe wawili, naye amelifunika lile sanduku kwa blanketi zake zote.

"Mama Twins, pole na mvua," aliniambia. "Stima ikirudi leo usiku hakuna shida. Mayai yanaweza kuvumilia kidogo."

Haikurudi usiku huo, wala kesho yake, wala juma hilo.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana anakofanya kazi iko Kibera, karibu na reli, na alikuwa anatembea kwenda na kurudi. Alitoka nyumbani wasichana wakiwa bado usingizini, na akarudi wakiwa wameshalala. Jumapili alilala. Sikuwa na la kumlaumu, kwani hakuwa mlevi wala mkorofi, alikuwa mtu wa kazi tu. Lakini wasichana walimjua zaidi kwa koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango, lenye matundu ya cheche, kuliko kwa sauti yake.

Kibera nako nguzo zilikuwa zimeanguka. Alisema ukisimama pale karakana unaona taa za mtaa wa jirani, Nyayo Highrise, zimesharudi, na upande wao hata redio hailii. Mwenye karakana hakuwa na jenereta. Aliwaambia mafundi wakae nyumbani mpaka awaite. Kwa hiyo kila asubuhi mume wangu alienda kutafuta mjengo, kibarua cha ujenzi, akakuta matope na watu wengine waliokuja kutafuta mjengo, na saa sita alikuwa amesharudi.

Mimi, kwa upande wangu, kazi ilifurika. Kule Satellite nako stima ilikuwa imepotea, na wenye mashine za kufulia walikuwa na nguo zimerundikana na matangi yamejaa maji ya mvua. Walionijua waliwaambia wenzao. Nikawa nafua nyumba mbili kwa siku, nikirudi vidole vimekunjamana, mgongo unauma, na nikifika mlangoni nakuta ugali umepikwa, sukuma imekatwa vibaya lakini imepikwa, na ndani kuna kicheko.

Sijui niieleze vipi furaha ile. Mume wangu alikuwa ametengeneza koroboi kwa mkebe wa rangi na utambi wa kitambaa, na kwenye mwanga wake mdogo akawa mtu ambaye sikuwa nimemwona tangu tulipokuwa wachumba. Aliwasimulia wasichana jinsi kiboko alivyoingia shamba la nyanya yake huko kwao kando ya ziwa, na nyanya akatoka kumfukuza kwa mwiko wa ugali. Aliiga mwendo wa mwalimu wake aliyekuwa na baiskeli isiyo na breki, ambaye kila asubuhi alifika shuleni akipiga kelele, "Nipisheni, nipisheni!" Aliwafundisha kupiga mluzi kwa viganja. Siku moja alijaribu kuwasuka nywele kwa vile vidole vyake vigumu vilivyoungua, na asubuhi wakatoka kwenda shule vichwa vimejaa matuta, na wakakataa kabisa nizifumue.

"Ni Daddy amenisuka," mmoja alimwambia kila tuliyekutana naye njiani.

Usiku wakishalala, mimi na yeye tulibaki tukiongea. Tuliongea mambo ya miaka. Nikajikuta njiani kutoka Satellite natembea haraka, mtu mzima na miguu yangu imechoka, kwa sababu nataka kufika nyumbani.

Ng'ambo ya uwanja, hatua chache tu kutoka mlango wetu, Mama Kuku alikuwa anapigana na baridi. Mayai yake yalikuwa yamebakisha kama juma moja yatotoe. Alichemsha maji kwa jiko la makaa nje, akayajaza kwenye chupa za plastiki, akazifunga kwa vitambaa na kuzipanga ndani ya sanduku. Zikipoa anaanza upya. Alikuwa halali vizuri. Macho yake yaliingia ndani. Nilipotoka kazini mapema nilienda kumsaidia kuyageuza mayai, moja moja, taratibu. Alinifundisha kuliweka yai mbele ya tochi ya simu. Ndani ungeona mishipa myembamba myekundu, na mara moja nikaona kitu kikisogea.

"Umeona? Amekusalimia," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Nililishika lile yai na moyo ukanishuka. Maana nilikuwa nimetoka nyumbani kwangu nikiwa nimeshiba raha, na nilijua nitarudi huko, na jambo lililokuwa linaniandalia raha ile ndilo lilikuwa linamuua huyu aliyenisalimia.

Jumapili akina mama wa ploti tulikaa uwanjani mchana kwa maombi. Kila mmoja ana kanisa lake lakini shida ilikuwa moja. Kulikuwa na mwenye salon, mwenye kuuza maziwa ya friji, na mmoja mwenye mtoto anayeugua kifua, aliyeogopa moshi wa mafuta taa. Mama Kuku akanigeukia.

"Mama Twins, wewe ndiye umenishikilia wiki hii yote. Tuombee stima."

Ningekataaje? Nilisimama. Nikaomba kwa sauti, na niliomba vizuri, nasema ukweli. Nikamwomba Mungu awakumbuke wanaofanya kazi ya mikono, aguse mioyo ya wakubwa wa stima walete transfoma, aangaze nyumba zetu. Akina mama wakaitikia amina. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni kwetu, wasichana mmoja kila upande, wamemwegemea wakisubiri tumalize ili awamalizie hadithi. Niliwaona kwa pembe ya jicho, na chini ya maneno yote yale nikasikia moyo wangu ukisema: si leo. Tafadhali, bado kidogo. Isirudi.

Siku iliyofuata yai la kwanza lilipasuka. Harufu ilifika hadi vyoo vya nyuma. Kisha mengine. Kijana wa chumba cha mwisho akapiga kelele, "Ai, Mama Kuku, utatumaliza!" Mama Kuku alikaa mbele ya sanduku lake akiwa amefunga pua kwa leso, akipima kila yai kwa tochi, akiweka mazima upande mmoja na mabovu kwenye gunia. Gunia lilijaa. Upande mwingine yalibaki machache sana.

Tulilibeba gunia lile pamoja hadi kwenye shimo la takataka. Lilikuwa zito na lenye maji. Njiani alisimama kubadilisha mkono akaniambia, "Asante, jirani. Wengine wananikimbia, wewe unanibebea." Nilitazama chini. Nikamwambia twende, mvua inakuja.

Yale machache aliyatia kifuani, ndani ya nguo, akayabeba hivyo mchana na usiku. Wakatoka vifaranga watatu. Mmoja alikufa siku hiyo hiyo. Wale wawili akaja nao mlangoni kwangu ndani ya kofia, akawapa wasichana wangu.

"Ni wenu," alisema. "Mama yenu aliomba, Mungu akaniachia hawa."

Wasichana walirukaruka. Mimi nilisema asante, nikaingia ndani nikajifanya naangalia chai jikoni, na haikuwa imeanza hata kuchemka.

Siku wafanyakazi wa stima walipoweka transfoma mpya, ploti nzima ilitoka kushangilia. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Balbu zikawaka zote kwa pamoja, redio tatu zikaanza kulia, mtu akapiga sufuria. Wanangu wakaangua kilio.

"Mbona mnalia? Stima imerudi!" Mama Kuku aliwauliza.

"Daddy ataenda," mmoja alisema. Mwingine akaniuliza kwa sauti, mbele ya watu, "Mum, itapotea tena lini?"

Watu walicheka, watoto ni watoto. Mama Kuku pia alicheka. Mimi nikawaingiza ndani.

Kibera stima ilirudi siku chache baadaye, na karakana ilikuwa na kazi nyingi, mageti na madirisha yaliyong'olewa na upepo. Mume wangu alirudia ratiba yake ya zamani, akazidisha na Jumapili moja mbili. Nilipompata nyumbani ameamka, nilikuwa nimebeba neno langu muda mrefu.

"Unajua nazikumbuka zile siku?" nilimwambia. Alikuwa anakula.

"Siku gani?"

"Za giza. Nilikuwa nasikia raha. Hata niliomba stima isirudi."

Aliweka tonge chini. Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Raha?" alisema. "Mimi nilikuwa nakuona ukitoka asubuhi na beseni lako, mimi nabaki hapa na sufuria. Vijana wananipita hapo nje, 'Niaje fundi, leo pia uko tu?' Nilikuwa nasikia aibu sana."

"Lakini ulikuwa unacheka. Zile hadithi zote..."

"Sasa ningefanya nini? Wakicheka hawaulizi kwa nini chai ni strungi kila siku, haina maziwa."

Nilikuwa nimeishi majuma yale nikidhani sisi wanne tuko ndani ya furaha moja. Kumbe aliyeiwasha alikuwa nje yake. Na mimi, mkewe, niliyelala ubavuni pake na kuongea naye hadi koroboi ikaisha mafuta, sikumuuliza hata mara moja, kwa sababu sikutaka kusikia jibu ambalo lingeniharibia.

Aliona uso wangu akalainika. Akasema si kwamba hakupenda kukaa na watoto. Alipenda. Ila alipenda huku anaumia. Tangu siku hiyo, kazi ikiwa chache, hujitahidi kufika mapema mara moja katikati ya juma. Mara nyingine anafika na kusinzia hapo hapo kwenye kiti, wasichana wakimvuta mkono aendelee. Siwakatazi, lakini siku hizi nampokea kwanza kwa kumuuliza siku yake ilikuwaje, na ninangoja anijibu.

Mama Kuku aliiuza mashine. Alisema hana nguvu ya kuanza tena. Akafungua meza ya nafaka pale barabarani: ndengu, maharagwe, na mahindi yaliyotoka kwao. Kila nikipita ananiongezea konzi moja ya bure, na ile konzi nilikuwa naipokea kama deni. Mchana mmoja nikaketi kwenye ndoo yake iliyopinduliwa nikamwambia yote, maombi na kilichokuwa chini ya maombi.

Alikuwa anachagua ndengu kwenye sinia. Hakuinua kichwa.

"Kwa hivyo ulikuwa na furaha," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakusikia ukicheka huko ndani. Mimi niko pale kwangu na chupa zangu za maji moto, nasikia unacheka. Nikasema, huyu mama ana imani. Nikajipa moyo, nikasema kama yeye anaweza, hata mimi."

Nilitaka kumwambia pole, neno likawa dogo mno. Mteja alikuja, akampimia maharagwe, akamrudishia chenji. Alipoketi tena hakusema kwamba amenisamehe, wala hakunifukuza. Alitoa kijiwe kwenye ndengu akakitupa barabarani. Kisha akavuta sinia likawa katikati yetu, na nikaanza kuchagua upande wangu.