Arsenio na Pembe ya Mirna

Arsenio Cabañas, dereva wa ambulensi ya hospitali ya mkoa, alikuwa na mdomo usiochoka, ila mbele ya Mirna, mhudumu wa mitungi ya oksijeni, ulimkauka. Zamani hilo halikumsumbua. Kila asubuhi yeye ndiye aliyemimina tereré pale uani, kinywaji cha kwao cha maji ya barafu juu ya majani ya yerba mate, pembe moja ya ng'ombe ya kunywea na mrija mmoja wa chuma kwa watu wote. Kumkabidhi Mirna pembe ile mkononi kulimtosha kwa mazungumzo.

Kisha korona ikaingia Paraguay. Muuguzi mkuu, Sista Zunilda, mwanamke wa amri, akapiga marufuku: kila mtu na pembe yake, hakuna mjadala. Watu walinung'unika weee, mwisho wakatii. Kunywa tereré peke yako, jamani, ni kama kucheza dansi na ufagio.

Hospitali nayo ikageuzwa juu chini. Wodi ya wazazi ikawa ya korona, wajawazito wakahamishiwa kwenye nyumba ya watawa, wilaya zote zikapiga namba ile ile moja ya simu kuomba kitanda, na Arsenio akashinda barabarani. Mirna akapotelea ndani ya mavazi meupe, barakoa na miwani, na humo wote walifanana kama mayai. Arsenio alimtambua kwa pembe yake tu, iliyovishwa ngozi nyekundu, ambayo Mirna aliiweka dirishani penye mlango wa mapokezi.

Ndipo ikaja habari kwamba ambulensi zinagawanywa upya, na Jumatatu Arsenio aripoti mji wa Yuty, mwisho kabisa wa barabara mbovu. Akaapa kwamba leo leo atasema, hata kama atakufa kwa aibu.

Aliingia uani na Ña Deolinda, bibi mwenye kifuniko cha oksijeni usoni na umbea mwingi kifuani. Wawili waliovaa meupe wakaja kumshusha kwa machela. Arsenio hata hakuwatazama. Dirishani alisimama mtu mwingine wa meupe, amewapa mgongo, pembe nyekundu mkononi. Akamwendea, akabaki mita mbili kama sheria ilivyotaka, akafumba macho.

"Mirna, Jumatatu naondoka, na nakupenda tangu mwaka juzi. Basi, nimesema."

Mtu yule akageuka. Alikuwa Sista Zunilda, barakoa kidevuni, mrija wa Mirna mdomoni.

Ua mzima ukaangua kicheko. Sista alijitetea kwamba kiu ilimzidi na mkono umekwenda wenyewe, mazoea ya maisha, lakini nani alikuwa anamsikiliza? Mlinzi alishika mbavu. Arsenio alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyuma yake, mmoja wa wale wabeba machela alicheka mpaka Ña Deolinda akawa anayumbishwa huku na huko.

Bibi akanyanyua kifuniko chake. "Mjibu mtoto wa watu, binti. Mimi bado napumua, nitasubiri."

"Umechelewa, Arsenio," Mirna akasema, mikono yote miwili kwenye machela. "Yuty wanataka mtu wa oksijeni. Nimeomba nafasi hiyo tangu jana, niliposikia dereva ni wewe."

Arsenio akakaa pale pale chini kwenye zege, akacheka hadi barakoa ikalowa machozi.