Salamu Iliyokwenda Nyumba Siyo Yake

Mjomba wangu ana banda la video huku Mbagala, la mabati, lenye mabenchi sita na runinga moja kubwa. Filamu anazoonyesha ni za Kichina, za Kihindi, za Kikorea, ila anayeongea ndani yake ni yeye. Anapunguza sauti za wenyewe, anashika maiki, anasimulia yote kwa Kiswahili, jambazi anaongea kama konda na malkia anaongea kama mama ntilie. Katikati ya filamu anasalimia watu waliokaa mbele yake. "Mzee wa koti pale nyuma, usisinzie, muuaji kashaingia ndani." Nadhani watu walikuwaga wanakuja kwa ajili ya hizo salamu kuliko filamu zenyewe.

Bwana afya alikuja akafunga. Alisema hatufungui mpaka pawe na choo, na mlango wa pili wa watu kukimbilia moto ukitokea. Mjomba hakubishana. Alimpa kazi ya mlango fundi geti wa mtaani kwetu, mchomelea vyuma, akatafuta wa kuchimba choo, halafu akatangaza kwamba filamu zitawafuata watu majumbani, kwenye simu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, nyumba iliyolipia inatumiwa filamu mpya yenye sauti yake.

Kazi ya kutuma nilipewa mie. Niko kidato cha tatu na si mtu wa kuongea. Hata darasani nikilijua jibu nasubiri mwingine akosee kwanza. Mjomba alisema ndiyo sababu kanichagua.

"Wewe hata siri ikikuwasha hujikuni," aliniambia. "Sasa sikiliza. Kila nyumba nimeiwekea salamu yake peke yake, mwanzoni mwa filamu. Watu watadhani ni mapenzi. Ni mtego. Siku nikiisikia sauti yangu mahali pasipolipiwa, nasikiliza salamu tu, mwizi namjua."

Nilifurahi, sitadanganya. Nilijiona kama askari kanzu. Nikaanza kumtazama kila mtu vibaya. Jirani akicheka na simu yake kibarazani, nasimama nafunga kamba ya kiatu iliyofungwa tayari, nategesha sikio. Dada wa dukani akimpa mtu simu ashike, nahesabu dakika alizoishika. Usiku nikiandika kwenye daftari langu naorodhesha majina ya kazi zao: dada wa duka, muuza mkaa, fundi geti. Mwalimu sikuwahi kumwandika.

Mwalimu ni mama mstaafu, alimfundisha mjomba darasa la tatu. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya ukuta wa bluu karibu na bomba la maji. Bandani alikuwa anakaa benchi la mbele, anacheka kwa sauti kuliko vijana, na mjomba akikosea Kiswahili anamsahihisha palepale, filamu ikiendelea.

Jumapili moja mjomba alikwenda kunyoa. Alirudi kanyolewa upande mmoja, shuka la kinyozi bado liko shingoni.

"Leta simu," aliniambia. "Twende kwa mwalimu."

Njiani ndipo aliponieleza, nikaelewa. Kwa kinyozi runinga ilikuwa inaonyesha filamu yetu ya jana, na kinyozi hakuwa kwenye orodha yetu. Salamu iliyotoka pale ni hii: "Kwa mwalimu wangu wa darasa la tatu, shikamoo, leo usinisahihishe." Kinyozi alisema katumiwa tu, hajui imetoka kwa nani. Mteja mmoja akamchokoza mjomba, "Unalia umeibiwa, kwani wewe uliwaomba Wachina?" Mjomba akamjibu, "Picha ya kwao, sauti ni ya kwangu!" akatoka na shuka la watu.

Mwalimu alikuwa mlangoni anachagua mchele.

"Shikamoo mwalimu," mjomba alisema.

"Marahaba baba. Mbona kichwa nusu?"

"Mwalimu, kwa nini unanifanyia hivi? Ningekupa bure ungetaka."

Akamweleza, kwa sauti ya maiki ile ile, na pale bombani kulikuwa na foleni ya ndoo na wenye ndoo zao. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mbona mie hiyo salamu sikuisikia? Mie nimesikia unamwambia fundi geti asiunguze macho. Nikajua umechanganya."

"Mwalimu, mie si mtoto tena."

"Nakuona. Ulipokuwa mtoto ulikuwa unauliza kwanza."

Mjomba akamwambia kuanzia wiki hii asitegemee filamu. Wakati anasema, mwalimu hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ananitazama mie na simu niliyoishika.

Tulipofika nyumbani nilijificha nyuma ya banda nikaifungua ile simu. Mafaili huwa nayapa jina la nyumba. Kwa mwalimu nilikuwa nimetuma faili la "geti". Kwa fundi geti nilikuwa nimetuma la "mwalimu". Nikakumbuka vizuri kabisa. Jumamosi saa tisa nilikuwa dirishani, jicho kwa dada wa duka aliyekuwa kampa mtu simu, kidole kinabonyeza chenyewe.

Kwa hiyo aliyesambaza ni fundi geti, au mtu wa nyumbani kwake. Nilikuwa na la kumwambia mjomba, na ningelisema kwa sentensi moja. Badala yake nilifuta. Kote kuwili. Kwenye simu ya mwalimu ikabaki ile alama ya kuonyesha kwamba kuna ujumbe umefutwa.

Jumatano nilikutana na mwalimu bombani.

"Binti, ulifuta nini kwenye simu yangu?"

"Sijui. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, akasogeza ndoo yake.

Mama mmoja nyuma yangu akasema, bila hata kushusha sauti, "Jamani ficheni simu zenu, mwalimu kafika." Watu wakacheka. Mwalimu alijaza ndoo nusu akaondoka nayo. Nyumba yake iko hatua kumi kutoka bombani, na kutoka siku ile alianza kununua maji kwa mtu wa mkokoteni.

Mie nikaanza kuogopa kila anayenitazama. Mjomba akiniita kula nadhani kajua. Fundi geti akinisalimia pale anapochomelea, "Mambo vipi sista," nashindwa kuitikia, maana sijui kama ananicheka.

Jumamosi iliyofuata mjomba alirekodi mchana kama kawaida yake, chumbani, dirisha limefungwa, kajifunika blanketi yeye na maiki ili kelele za nje zisiingie. Mie nilikuwa pembeni na laptop, namwendeshea filamu. Jasho linamtoka. Ilipofika sehemu ya jambazi anakamatwa, akaongeza yake: "Na huyu jambazi jamani mnajua kasomeshwa na nani? Kuna mwalimu mmoja hapa mtaani, ukuta wake wa bluu..."

Hiyo ilikuwa inaenda kwa nyumba zote. Na mtumaji ni mie.

"Si mwalimu," nikasema.

Blanketi likatulia. "Nini?"

"Si mwalimu, mjomba. Nilichanganya mafaili. Lake lilikwenda kwa fundi geti. Halafu nikafuta."

Alitoa kichwa. Maiki ilikuwa bado inarekodi, nikaiona taa yake nyekundu. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza tu, "Tangu lini unajua?"

"Jumapili."

"Na ukaniacha wiki nzima."

Filamu ya wiki ile haikutumwa. Tulikwenda kwa mwalimu saa tisa ile ile, mjomba kavaa kofia. Niliambiwa niseme mwenyewe, nikasema, sikumbuki kwa maneno gani, namkumbuka mwalimu ameweka miwani na anasikiliza kama anasahihisha mtihani. Mjomba akaomba radhi. Akasema atairudisha nyumba yake kwenye orodha, na salamu atamwekea ndefu kuliko zote.

"Na fundi?" mwalimu akauliza. "Kwake mmeshakwenda?"

Mjomba alishika kofia yake. "Bado, mwalimu. Hajamaliza mlango."

"Hajamaliza mlango."

"Akikasirika sasa hivi banda halifunguki, mwalimu. Unaelewa."

"Naelewa. Kwangu mie ulikuja na shuka la kinyozi shingoni."

Mwalimu akanigeukia akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, ingawa sikuwa nimekula. Akatufungulia mlango wa kutokea barabarani, wa upande wa bombani, akatoka na sisi. Watu wa ndoo walikuwepo.

"Haya," akamwambia mjomba. "Niambie tena ulichoniambia ndani. Kwa sauti yako ile ya siku ile."