Chaneli ya Eliza wa Kiwangwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa nimeshakanyaga ngazi ya tatu, koleo kiunoni, Fundi Mkuu aliponiita nishuke.

“We Shabani, unakwenda wapi?”

“Juu, fundi. Kufungua dishi.”

“Umeshamjua mwenye dishi?”

Nikamwonyesha mwenye nyumba, mfanyabiashara mmoja wa hapa Bagamoyo mjini, aliyekuwa amekaa barazani kwake anakunywa kahawa. Fundi Mkuu akacheka.

“Huyo ni mwenye nyumba. Mimi nimekuuliza mwenye dishi. Kaa chini, toa daftari.”

Basi kazi yangu ya kwanza katika ufundi wa madishi ikawa kukaa kwenye mkeka na kuandika. Kila aliyekuwemo mle ndani aliulizwa anaangalia nini, kuanzia mwenye nyumba mpaka dada wa jikoni. Bibi wa nyumba ile alisema yeye anaangalia “ile yenye chenga.” Wenzake wakamcheka. Fundi Mkuu hakucheka. Alimuuliza taratibu, kwa shikamoo na heshima zote, tukajua kwamba kwenye chaneli ile picha haionekani lakini sauti ya msomaji wa Kurani inasikika alfajiri. Nikaandika: yenye chenga, ya Bibi. Tulipomaliza kufunga risiva mpya, ile chaneli ilikuwepo, na chenga zake zimepungua. Bibi alituombea dua mpaka tukaona haya.

Fundi Mkuu aliita shughuli ile sensa ya chaneli. Vijana mnaofunga ving'amuzi leo mtashangaa, maana kwenu kazi ni kuwasha, kusachi na kuondoka. Wakati wetu dishi lilikuwa la futi sita, la wavu au la bati, na lilitazama setilaiti moja tu huko angani. Ukilisogeza kwa upana wa kidole umepoteza kila kitu. Mbele yake kinakaa kile kichwa kidogo kinachopokea mawimbi, tunachokiita LNB, na kutoka hapo kebo inashuka hadi kwenye risiva ndani ya nyumba. Mtu akitaka vifaa vipya, swali la kwanza si vifaa gani. Swali la kwanza ni nini alichonacho sasa ambacho hataki kukikosa.

Kanuni yake ya pili ilikuwa hii: dishi jipya, shimo jipya. Huling'oi la zamani. Unachimba pembeni, unasimamisha nguzo nyingine, unamimina zege, unafunga kipya. Risiva ya zamani unaichomeka kwenye tundu la pili nyuma ya runinga, na mwenye nyumba anahama kutoka huku kwenda kule kwa kubonyeza rimoti. Vya zamani vinabaki wiki nzima. Baada ya wiki unarudi na daftari lako, unasoma jina moja moja, kila mtu anasema chake kipo au hakipo. Hapo ndipo unaposhusha cha zamani, kama kinafaa kushushwa. Na kwa desturi ya mafundi wa pwani hii, chochote kilichoshushwa ni cha fundi. Anakichukua bila kuuliza.

Nilifanya kazi hivyo kwa Fundi Mkuu miaka mingi. Tulifunga mjini, tukafunga Makurunge, tukafunga kwa mapadri na kwa masheikh. Alipozeeka akafunga duka, nami nikaajiriwa na kampuni moja ya ving'amuzi vya kulipia. Sikuwa kijana tena. Nilipewa fulana, pikipiki, na mkubwa mpya, Msimamizi wa Kanda, aliyekuwa anakuja kutoka Dar kila Jumatatu.

Msimamizi wa Kanda hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa haraka. Aliniona siku moja nachimba shimo Fukayosi, jasho linanitoka, kando ya nguzo ya zamani iliyosimama imara.

“Mzee Shabani, nguzo ipo, zege limekauka, unachimba shimo la nini?”

“La dishi jipya, bosi. Hili la zamani naliacha kwanza.”

“Lina kazi gani? King'amuzi chetu kina chaneli tele. Shusha hilo, weka hili hapohapo. Wenzako wanafunga nyumba nne kwa siku, wewe unalima.”

Wenzangu wakacheka. Na mimi, badala ya kuwa mkaidi kama nilivyofundishwa, nikaona haya kwa kuwa mzee anayechelewesha watu. Kuanzia siku ile nikaacha kuchimba. Baada ya muda nikaacha na daftari. Nilikuwa namuuliza yule aliyenipigia simu tu, naye mara nyingi alisema, “Wewe weka, fundi, ilimradi mpira upo.”

Ndivyo nilivyofika Kiwangwa, nyumbani kwa Mwalimu.

Mwalimu alitoka bara, akapangiwa shule huku, akapenda ardhi akabaki. Alikuwa na shamba la mananasi na nyumba ya matofali, na nyuma ya nyumba dishi la futi sita nililoliona tangu barabarani. Mkewe, Mama Eliza, alikuwa shambani asubuhi ile. Ndani alikuwemo binti yao, Eliza, wa miaka kama kumi na tisa. Homa ilimwondolea usikivu akiwa mdogo. Alisoma shule ya viziwi, na alijua lugha ya alama vizuri kuliko baba yake, ambaye alijua chache za kula na kulala.

Nilimuuliza Mwalimu anaangalia nini. Akanitajia mpira na taarifa ya habari. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, “Na binti?”

“Huyo anaangalia picha, fundi. Picha ziko kila mahali.”

Sikuandika kitu. Nilishusha dishi la futi sita, nikafunga dogo kwenye nguzo ileile. Haikuzidi saa moja. Nilipowasha runinga picha ilikuwa safi, na Mwalimu akafurahi, akaniita jina langu na la baba yangu.

Eliza akaja mbele ya runinga. Alichukua rimoti kwa adabu, akapitisha chaneli moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, akarudia tena. Kisha akanigeukia mimi, si baba yake. Akachora kwa kidole kiduara kidogo kwenye pembe ya chini ya kioo, akakigonga mara mbili, akanyanyua mikono yote miwili na kuichezesha hewani.

Vijana wangu, nilielewa. Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na sitaificha kwa kusema sikuelewa. Chaneli moja ya bure, iliyokuwa inapatikana kwa dishi lile la zamani, ilikuwa ikimweka dada mmoja kwenye duara pembeni wakati wa taarifa ya habari ya jioni, akitafsiri kwa mikono. King'amuzi chetu hakikuwa na chaneli hiyo. Nilijua hakina. Nilijua tangu nafungua boksi.

“Anasema nini?” Mwalimu akaniuliza.

“Anashangaa jinsi picha inavyong'aa,” nikasema.

Mwalimu akacheka, akampigapiga binti yake begani. Eliza alinitazama. Nikakusanya kebo zangu, nikafunga dishi la zamani na risiva yake kwenye pikipiki, kama desturi inavyoniruhusu, na kabla ya adhuhuri vilikuwa Makurunge kwa mtu aliyevihitaji.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na kona. Miezi mitatu baadaye nilipita tena Kiwangwa kwa kazi nyingine, nikakutana na Mama Eliza kando ya barabara na matenga ya mananasi. Eliza alikuwa naye, ndiye niliyemtambua kwanza, naye akamwonyesha mama yake kuwa mimi ndiye fundi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani.

“Fundi,” akasema mama, “kuna chaneli moja mwanangu anaisumbukia. Ile yenye dada anayetafsiri. Jioni alikuwa anaangalia, halafu ananihadithia mimi habari zote. Nyumbani kwetu yeye ndiye alikuwa redio yangu. Sasa hivi jioni anaingia chumbani analala. Hatuwezi kuipata?”

Ilikuwa inapatikana. Ningeweza kurudisha dishi, kuchimba shimo langu moja, kumaliza siku ileile. Lakini ningelazimika kwanza kusema nilichofanya, na dishi lilikuwa juu ya bati la mtu mwingine.

“Ile imefungwa, Mama Eliza. Walifunga wenyewe. Haipo tena nchi nzima.”

Akasikitika. Kisha akamgeukia mwanawe, akaweka tenga chini, na akaanza kumwambia kwa mikono. Mimi nikasimama pale nikiuangalia uongo wangu ukitoka kwenye vidole vya mama yule, vidole vya mkulima, vimechanjwachanjwa na majani ya mananasi. Aliusema vizuri, pole pole, kwa huruma, kuliko nilivyousema mimi. Eliza akajibu kitu.

“Anauliza,” mama akaniambia, “yule dada wa pembeni je, amepata kazi nyingine?”

Nikasema, “Mwambie amepata.”

Niliendelea na kazi mpaka magoti yalipokataa ngazi. Siku ya kuniaga, Msimamizi wa Kanda alisimama mbele ya watu akasema kwamba katika miaka yangu yote hakuna mteja aliyewahi kupeleka malalamiko juu yangu. Watu wakapiga makofi. Nami niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Mtu akistaafu ana muda mwingi, na muda ni kitu kibaya kwa mwenye deni la namna hii. Nimefunga madishi ambayo siwezi kuyahesabu. Mengi niliyafunga vizuri. Ninapokaa sasa ninawaza lile moja la Kiwangwa, na najiuliza ilikuwaje mtu aliyefundishwa kumuuliza bibi habari za chenga zake akashindwa kumuuliza msichana aliyekuwa amesimama mbele yake akimwambia. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku. Ujinga wangu ulikuwa kwamba nilijibiwa kabla sijauliza, nami nikajifanya kipofu mbele ya kiziwi.

Mwaka huu nikaamua kwenda. Nilikata shauri nitasema kila kitu na kujitolea kumfungia dishi kwa mikono yangu, magoti yapende yasipende. Mwalimu nilikuta ameshafariki. Mama Eliza alinikaribisha kwa furaha, akaniletea kiti na maji. Eliza sasa ni mama wa makamo kidogo, fundi cherehani, ana wateja wake. Alikuwa anapiga pasi kitenge cha mtu. Aliponiona akaacha pasi.

Nikamwomba Mama Eliza anitafsirie. Sikuwa na njia nyingine, sijui hata alama moja.

Nikaanza. Nilisema: ile chaneli haikufungwa. Mikono ya mama ikaanza kusema, ikafika katikati, ikasimama hewani. Alinigeukia.

“Unasemaje, Fundi?”

“Haikufungwa, Mama Eliza. Ilikuwepo siku zote. Nilishusha dishi, nikaona haya kusema, nikakudanganya.”

Hakutafsiri. Lakini Eliza alikuwa anatazama midomo yangu na uso wa mama yake, na nadhani hakuhitaji zaidi. Alimshika mama yake mkono, akausukuma chini kwa upole, akasema yeye mwenyewe kwa mikono, kwa muda mrefu. Mama alisoma. Kisha akanipa maneno yale kwa sauti ndogo, bila kunitazama.

“Anasema alijua. Mwaka uleule alikwenda Bagamoyo kujifunza kushona, akamwona yule dada kwenye runinga ya mgahawa, yuko palepale pembeni. Anasema habari siku hizi anaangalia kwenye simu, dishi halihitaji tena.” Akamgeukia binti yake, kisha akaendelea. “Anasema hakuniambia kwa sababu hakutaka nijue kwamba nilimdanganya.”

“Hukumdanganya wewe, Mama Eliza. Ni mimi.”

“Wewe ulisema na mimi, Fundi. Yeye aliambiwa na mimi.”

Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, na pale nilipokuwa nimekaa nikaona nimeutua wapi. Eliza alirudi kwenye pasi yake. Nikaomba radhi, nikarudia, nikasema mengine ambayo hayakumbukiki. Hakuna aliyemtafsiria. Mama Eliza aliiweka mikono yake mapajani, na kwa muda wote niliokaa pale hakuinyanyua tena.